Mdogo wangu ananibebea mimba, na sasa anasema mtoto ni wake

Shangazi, shikamoo.

Ninakuandikia alfajiri, wavuvi wa dagaa wakirudi Mwaloni hapa Mwanza na mimi sijalala, kwa sababu ya neno moja alilolitamka mdogo wangu Jumapili tukiwa mezani. Alishika tumbo akasema, "Mwanangu leo kacheza sana." Mimba hiyo ya miezi saba ni yangu na mume wangu. Kizazi changu kiliondolewa, lakini mayai yalibaki, na kiinitete, yaani yai langu lililorutubishwa, kilipandikizwa ndani yake katika kliniki moja ya Nairobi, kwa safari za basi kupitia mpaka wa Sirari nilizozigharamia zote. Alikubali kwa hiari yake. Sikumnunua, kama ndugu wanavyonong'ona. Duka tulilomfungulia Igoma na matumizi ya kila mwezi ni shukrani, ingawa ni kweli yameandikwa katika mkataba.

Mkataba huo tuliusaini mbele ya wakili. Wiki hii wakili mwingine amenieleza kwamba Tanzania haina sheria mahususi ya kubebeana mimba, na kwamba mahakama inaweza kuukataa mkataba wetu chini ya Sheria ya Mikataba ikiona unapingana na maadili au maslahi ya umma. Tangazo la kizazi, ile karatasi ya hospitali ya kuarifu kuzaliwa kwa mtoto, huandikwa jina la aliyejifungua, na cheti cha kuzaliwa cha RITA hufuata hilohilo. Kwa hiyo mimi mwenye yai nitalazimika kwenda mahakamani kuomba kumuasili mtoto wangu mwenyewe kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, tena kwa ridhaa ya huyo anayemwita "mwanangu". Afrika Kusini, chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2005, Mahakama Kuu huthibitisha mkataba kabla mimba haijatungwa. Sisi tuliachiwa karatasi na muhuri.

Mama mkwe wangu, Mkurya wa Tarime, ananikumbusha kwamba katika desturi yao ya nyumba ntobhu mwanamke asiye na mtoto alimwoa mwanamke mwenzake, ng'ombe wakatolewa, na ukoo mzima ukajua mtoto anayezaliwa ni wa nani. Hanisemi vibaya, lakini maneno yake yananichoma, maana ng'ombe wale walikuwa na nguvu kuliko wakili wangu.

Mume wangu anataka nisimamishe matumizi mpaka mdogo wangu aandike upya kwamba hana dai. Mimi sitaki kumshitaki ndugu wa tumbo moja, wala sitaki alale njaa akiwa na mwanangu tumboni. Lakini pia siwezi kukaa mikono mitupu mpaka siku ya uchungu. Pengine alisema vile kwa mazoea tu, kama mama mdogo yeyote anavyomwita mtoto wa dadake. Lakini alikuwa ameshika tumbo, Shangazi.

Muuguzi mmoja ninayemfahamu amenishauri mdogo wangu aingie leba kwa jina langu, ili tangazo liandikwe langu. Je, hilo ni kosa, ikiwa damu ni yangu? Nauliza kwa sababu kadi yake ya kliniki ninayo mimi tangu Jumatatu. Ameniuliza mara mbili iko wapi, nami nimemjibu kwamba sijaiona.