Mchoreni nahodha, si dada yangu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa kijana wa kubeba mafaili bandarini, na sijawahi kuwaandikia. Hata mlipokosea habari za feri nilinyamaza. Lakini ile ripoti yenu ya matapeli wa mapenzi mtandaoni, na ile katuni ya mama mnene anayebusu simu, imenishinda kumeza.

Mlitaja takwimu za Marekani: mwaka 2022 watu karibu 70,000 waliripoti kutapeliwa kwa mapenzi, jumla dola bilioni 1.3, na nusu yao kila mmoja alipoteza dola 4,400 au zaidi. Sawa. Hao ni waliojitokeza tu. Hapa kwetu anayejitokeza huchekwa kwanza, kisha mnashangaa mbona hatuna hesabu.

Dada yangu ni mjane, anauza viazi karai barazani kwake. Mwaka juzi alipata rafiki Facebook, nahodha wa meli, mzungu wa ndevu nyeupe, naye eti kafiwa na mke. Miezi minne hiyo, kila alfajiri kabla hajawasha jiko, meseji imeshaingia: goti limeamkaje leo? Mimi nduguye wa tumbo moja nakaa nyumba ya tatu kutoka kwake, na goti lile sijawahi kuliuliza. Hapo ndipo penye mtego, wala si tamaa kama mlivyoandika. Baadaye ikaja habari ya kasha la zawadi lililokwama bandarini Kilindini. Ushuru 8,500, tuma kwa namba hii. Kisha 23,000 za cheti cha kuonyesha kwamba pesa zilizomo ndani si haramu. Kisha 64,000, na hizo zilikuwa za chama, zamu ya mwenzake. Jumla 95,500. Nami nimefanya kliaringi, kazi ya kutoa mizigo forodhani, miaka 31! Karatasi ya mzigo nilionyeshwa siku aliyokuwa akitoka kwenda kuupokea, amejifunga leso mpya, mkate wa sinia uko mezani umefunikwa kawa. Mombasa imeandikwa kwa s mbili. Juu kilo 12, chini kilo 40. Namba ya hati ya forodha hakuna. Nikamwambia ushuru hulipwa serikalini, kwa hati yenye namba. Hakuna afisa wa forodha anayetumiwa kwenye simu yake kama nauli ya mpwa. Akakaa kitako. Akatazama mkate muda mrefu, akasema, "Basi kaka, tuule."

Tulipokwenda kuripoti, askari wa kaunta aliuliza kwa sauti ya kusikiwa na foleni nzima, "Na huyo mzungu, mama, arusi mlipanga lini?" Foleni ikacheka. Sheria ya uhalifu wa mitandao tunayo tangu 2018, yenye faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10 kwa ulaghai wa kompyuta, lakini siku ile sikuona dalili kwamba imefika kaunta. Namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, tuliipata baada ya mimi kupandisha sauti, na katika umri wangu kupandisha sauti kuna gharama yake. Mpaka leo hajapigiwa simu.

Na hizo laini wanazopokelea pesa zinatoka wapi? Mwaka jana kijana mmoja wa mwavuli aliniuzia laini akanipiga picha mara tatu, kila mara eti haikutoka vizuri. Nilipokagua, kitambulisho changu kina laini tatu. Mimi ninayo moja. Huenda sasa hivi kuna mjane mahali fulani ananilaani kwa jina langu kamili.

Pendekezo langu ni hili. Kila wakala wa pesa awekewe benchi na muuza kahawa mwenye dele lake. Mama akija kuweka kwenye simu pesa zisizo za kawaida yake, aketishwe, anywe kahawa chungu vikombe viwili na kashata, aulizwe taratibu: huyu unayemtumia umewahi kumuona akila? Akimaliza cha pili na bado anataka kutuma, atume, pesa ni zake. Na nyinyi mkitaka katuni nyingine, mchoreni nahodha. Najua hana uso. Jaribuni.

Kahawa ya mwezi wa kwanza, kwa wakala wa mtaa wetu, nitalipa mimi.

Karani mstaafu,
Kibokoni, Mombasa