Jetski ikiwa nzito msiipake rangi, ifungueni

Ndugu Mhariri,

Juzi juzi mlitoa picha ya vijana wa ufukweni na jetski ya kusimama waliyoifufua, imepigwa rangi ya chungwa inang'aa balaa, na chini mkaandika imerudi kuwa mpya. Vijana nawapongeza, kazi ya mkono siidharau hata siku moja. Ila mimi kazi yangu ni faiba, yaani bodi za nyuzi za kioo na resini, na kwenye ile picha sikuangalia rangi, niliangalia ilivyokaa majini. Tezi, yaani nyuma, imezama, omo, yaani mbele, imeinuka, na juu yake hakuna mtu. Ukiona hivyo ujue kuna maji ndani ya povu lililojazwa kwenye bodi, na maji hayo hayatoki kwa rangi hata upake koti kumi.

Kwa wasioijua, hii siyo ile jetski kubwa ya kukaa wanayokodishiwa watalii Zanzibar na huku Kigamboni. Hii ni ndogo, ya mtu mmoja, unasimama au unapiga magoti nyuma, mkono wa usukani unapanda na kushuka. Ndiyo ya kwanza kuitwa jetski. Mmarekani mmoja mpenda pikipiki anaitwa Clayton Jacobson ndiye aliyeibuni, Kawasaki wakaanza kuiuza 1973, Yamaha wakaja na SuperJet yao 1990. Zinazotufikia huku ni used, za injini ya kuchanganya oili na petroli, na nyingi zimeshachoka bodi kabla hata injini haijachoka.

Sasa bodi yenyewe ni maganda mawili, la juu na la chini, yamegundishwa pembeni kuzunguka. Mbele kuna injini, halafu kwenye omo na chini ya pale unapokanyaga na pembeni pembeni kiwandani wanajaza povu gumu ili hata maji yakiingia chombo kisizame. Povu hilo likiwa zima ni jepesi mno, lita moja yake ni kama gramu 32 tu. Likilowa chapachapa lita hiyo hiyo inakaribia kilo. Piga hesabu mwenyewe, lita 20 zikilowa umebeba karibu kilo 20 za maji ambazo huzioni, kwenye chombo ambacho SuperJet ya 2008 kwa mfano kilikuwa kilo 139 bila mafuta. Ndiyo maana mtu analalamika jetski haipandi juu ya maji ikakimbia, anabadilisha kabureta, anabadilisha propela ya pampu, anamaliza hela yote, kumbe tatizo lipo chini ya miguu yake.

Maji yanapita kwenye tundu za skrubu za chini, kwenye nyufa, kwenye gundi ya pembeni iliyoachia, na povu likikaa ndani ya maji miaka linanyonya taratibu. Nimeshafungua moja, povu limekuwa jeusi, linamong'onyoka kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, na ukilikamua kwa mkono maji ya chumvi yanatiririka mpaka kwenye kiwiko.

Kinachoniudhi siyo hilo maana uchakavu ni uchakavu. Kinachoniudhi ni tunachowarudishia wateja ndani. Wapo mafundi wanajaza sponji la godoro, jamani godoro! Sponji kazi yake ni kunyonya, utaliwekaje kwenye chombo cha maji. Wapo wanaojaza yale maboya meupe yanayokuja kwenye boksi la TV halafu wanamwaga resini ya kawaida ya polista juu yake, resini inayayeyusha yote unabaki na shimo limefunikwa vizuri. Na wapo wa povu la kopo la kuzibia fremu za milango, hilo linahitaji unyevu wa hewa ndio likauke, ukilijaza kwa wingi mahali palipofungwa katikati linabaki bichi na likishakauka nalo linakunywa maji. Wallahi bora chupa tupu za maji zilizofungwa vizibo kuliko hivyo vyote, sio kazi nzuri ila angalau zinaelea.

Inavyotakiwa ni hivi. Toa injini, toa pampu, geuza bodi uikague chini. Halafu kata pale pa kukanyagia na grainda ya diski nyembamba, usikate mpaka ukutani, acha mdomo wa kama sentimita tano kuzunguka maana kile kifuniko utakirudisha hapo hapo. Chimbua povu lote, narudia lote, kwa patasi na kwa vidole, mpaka uone ganda. Osha chumvi kwa maji yasiyo ya chumvi, acha likauke kwa feni, usiharakishe. Nyufa zote zisagwe kwa msasa namba 40 mpaka ule mng'ao upotee na kingo ziwe na mteremko mrefu, siyo kuweka kiraka juu ya rangi. Povu jipya ni lile la dawa mbili, A na B, unachanganya kidogo kidogo unamwaga tabaka kwa tabaka. Ukimwaga ndoo nzima kwa mara moja linapata joto kali mpaka linaungua ndani, na nguvu yake ya kuvimba inaweza kutanua bodi ikapinda. Toboa tundu za kupumulia. Na vaa barakoa ya gesi, siyo kitambaa, ile dawa inashambulia mapafu na mwili ukishaanza kuikataa kila ukiikaribia unabanwa kifua.

Baada ya hapo mdomo unapakwa epoksi, resini tofauti na polista, iliyokorogwa na unga wa silika iwe nzito, kifuniko kinarudi, juu unapitisha faiba ya kitambaa. Nasema epoksi kwa sababu bodi nyingi za kiwandani zimebanwa kwenye moldi kwa joto na presha, ngumu na juu zinateleza, polista ikipakwa pale inashika kwa muda halafu inabanduka kipande kizima kama ganda.

Na hapa kwenye epoksi ndio mafundi wengi wanaangukia. Sisi tumekulia kwenye polista, kilo moja ya resini unaweka gramu 10 mpaka 20 za hadina, ile dawa ya kugandisha, jua likiwa kali unapunguza, mawingu yakiwepo unaongeza kidogo, mkono unazoea. Basi mtu akipata epoksi anafanya vile vile, anaona inachelewa anaongeza hadina. Haiendi hivyo. Epoksi uwiano wake umeandikwa kwenye kopo na ni huo huo, ukizidisha hadina haiharakishi kitu, inabaki inanata wiki nzima na hapo hakuna dawa ila kukwangua yote uanze upya. Tumia mizani ndogo ya jikoni, achana na kukadiria kwa kifuniko cha soda. Na mati ile ya nyuzi fupi fupi ya polista mara nyingi gundi yake haiyeyuki kwenye epoksi, inabaki ngumu haikai kwenye kona, kwa hiyo chukua kitambaa.

Nina ombi kwa wenye maduka. Resini mnayopima kwenye chupa za maji bila lebo, tafadhali andikeni hata kwa kalamu ni polista au epoksi na kopo lilifunguliwa lini, fundi asiwe anabahatisha kwa kunusa. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, nao wakiweka kozi fupi ya faiba tutakuja, hata sisi wazee wa kazi, maana sasa hivi hata boti za wavuvi ni faiba na zenyewe zina povu ndani, mambo ni haya haya.

Na TASAC wanaokagua vyombo vidogo, pamoja na kuuliza jaketi za kuokolea, wangepima na uzito. Mizani ya magunia mbili zinatosha, moja mbele moja nyuma, unalinganisha na kilo za kiwandani. Ikizidi kwa kilo 30 na tanki halina mafuta, hakuna mjadala, ifunguliwe.

Mhariri, najua nimeandika ndefu. Nafasi ikibana kata hiyo habari ya Clayton Jacobson, ya hadina usiiguse.

Fundi faiba,
Kigamboni, Dar es Salaam