Idi ya mzazi

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu, jamaa, mashoga na majirani wa zamani mlioko Muscat na Dubai, na nyinyi wa London ambao Idi yenu huenda imetangulia yetu au imeifuata nyuma. Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zenu, visimamo vyenu na sadaka zenu, na aliyekuwa na udhuru ampokelee udhuru wake.

Salamu zangu mwaka huu zimechelewa, na mwenye kunichelewesha amelala hapa ubavuni pangu, kaviringishwa kanga, ngumi zote mbili kaziweka chini ya kidevu. Ni mtoto wa kiume, mdogo wake yule binti yangu mnayemjua. Kazaliwa mwezi 29 Ramadhani, baina ya alasiri na magharibi, na jioni ile ile mwezi ukaandama.

Mliokaa darsani mshajua neno linakwenda wapi. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambao huu, zakatul fitri, ile zaka ya chakula ya kumalizia mfungo, humlazimu aliyeidiriki Ramadhani mwishoni mwake na Shawwal mwanzoni mwake. Mtoto akizaliwa jua halijatua siku ya mwisho ya mfungo, anatolewa. Akizaliwa jua limeshatua, si lazima. Basi mamkwe alipopigiwa simu hakuuliza uzito wala kafanana na nani. Aliuliza, "Alipozaliwa, adhana ya magharibi ilikuwa tayari?" Akaambiwa bado. "Haya, baba yake akapime pishi nyingine."

Na baba yake akapima. Pishi ni vibaba vinne, siku hizi watu wanakadiria kilo mbili na nusu za mchele, na sisi huutoa ule ule mchele tunaokula wenyewe, si wa chenga. Kwa hiyo usiku wa Idi, mtoto hata jina hana, fungu lake la mchele limeshatoka nyumbani limekwenda kwa mama mmoja mjane mtaa wa pili. Nilipoelezwa nililia, na mnajua mimi si mtu wa kulia ovyo. Mzazi mbichi hulia kwa jambo lolote, lakini hili nadhani ningelilia hata ningekuwa na afya zangu.

Uchungu ulinikuta jikoni. Ile siku ya 29 kila nyumba Unguja inanukia samli na iliki, na kwetu tulikuwa tunakata vileja, mimi na wifi zangu wawili, sinia moja ndani ya joko na jengine linangojea. Kifungua mimba wangu alinitesa usiku kucha na mchana wake, kwa hivyo nilijua nina muda. Maumivu yakija najishika kwenye meza, yakipita naendelea kukata. Wifi mkubwa akanitazama mara ya tatu nilipoinama, akafuta mikono. "Wewe, mtoto wa pili hasubiri sinia." Alisema kweli. Njia iliyokwisha kupitwa haihitaji kufunguliwa upya, na kilichochukua usiku mzima mara ya kwanza safari hii kilikwenda kwa saa chache. Tulipofika hospitali muuguzi alitaka kunitundikia maji, akaukamata mkono wangu kutafuta mshipa, akakuta unga wa mchele umenikaukia mpaka kwenye kiwiko. Aliupangusa kwa pamba huku akicheka. "Vileja au biskuti?" Vileja, nikamwambia, halafu sikuweza kusema kitu kingine kwa muda.

Sitaki kuwasimulia yote. Waliozaa wanajua, na wasiozaa wakisimuliwa hawatafaidika. Nitataja moja tu. Mkunga aliyenizalisha alikuwa amefunga. Alikuwa zamu tangu asubuhi, midomo imemkauka, na bado ananiambia kwa sauti ile ile ya upole, usisukume, pumua, sasa sukuma. Mtoto akatoka, akalia, akawekwa kifuani kwangu, mimi nikapigwa sindano ya paja ya kuzuia damu isitoke nyingi, kondo likashuka, na yeye bado anahangaika na mimi. Adhana ya magharibi ilipoanza alivua glavu, akanawa, akatia tende moja kinywani akiwa wima, akanywa maji bilauri moja, akavaa glavu nyingine. Mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa amekwishaanza kuita. Wanaofuturu hivyo ni wengi, kila Ramadhani, na kwenye salamu zetu za Idi hatuwataji. Nawataja mimi. Allah awalipe wauguzi na wakunga wote waliofunga na kufuturu wodini.

Tende ile ilinirejesha kwa Bibi Maryam. Ramadhani hii sura yake nimeisikia ikisomwa mara nyingi, lakini niliielewa pale kitandani. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, yuko peke yake, akatamani lau angekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa kwa kusema hivyo. Aliambiwa asihuzunike, chini yake pana kijito, na alitikise shina zimdondokee tende mbivu, ale, anywe, na jicho lake litulie. Mwanamke aliye katika uchungu alipewa maji na chakula. Sisi aghalabu tunampa nasaha.

Na hapa niseme linalonikera kila mwaka. Mjamzito na mnyonyeshaji wana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani wakichelea nafsi zao au watoto wao. Atalipa baadaye, na kama alikula kwa kumhofia mtoto peke yake, kwa Mashafi ataongeza na kibaba cha chakula kwa kila siku. Hesabu imekwisha wekwa, ina njia yake. Lakini nenda majumbani ukaone. Mwanamke ana tumbo la miezi minane, anatafuna muhogo wa jana nyuma ya mlango wa choo, kitoto kikipita anameza bila kutafuna. Anamwogopa nani? Aliyempa ruhusa anamwona. Hawa wengine wanaomchungulia wala hawana fidia wanayomlipia. Mimi kumi hili la mwisho sikufunga, na nilikula mezani, na binti yangu aliniona, na nilimweleza kwa nini. Nataka akikua asijifiche.

Mzazi naye Idi yake ni ya kipeke yake. Alfajiri nilizisikia takbira za msikitini zinapanda, nyumba nzima inaoga, inatafutana vitana na kofia, wanaume wanatoka na misala mabegani, na mimi nimefungwa tumbo kwa kanga nimelala ubavu. Nina nifasi, damu ya uzazi, sisali, na sala hizo hata sizilipi, ila funga tu. Ungeweza kudhani sikukuu imekupita. Lakini Ummu Atiyya, sahaba wa kike, Allah amridhie, alisimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamrisha wanawake watolewe waende uwanja wa Idi, wakiwamo wenye hedhi, wakae kando ya sala lakini waihudhurie kheri na dua ya Waislamu. Nimeishika hadithi hiyo mwaka huu. Uwanjani sikwenda, mwili haukuniruhusu. Nilipiga takbira nikiwa kitandani, mtoto yuko ziwani, na huku chango kinanikaza.

Chango, jamani. Kwa mtoto wa kwanza sikukijua kabisa, wala hakuna aliyenitahadharisha kuwa cha pili ni kikali zaidi. Mtoto akilishika ziwa tu, tumbo la uzazi linajikamua. Muuguzi alinieleza kuwa kunyonyesha ndiko kunakolifanya tumbo lijikaze lirudi mahala pake, na lililotanuka zaidi ya mara moja huwa na kazi kubwa zaidi ya kurudi. Mamkwe yeye hana maelezo, ana mchuzi wa pilipili manga wa kuku wa kienyeji, na ananisimamia mpaka bakuli liwe tupu. Nimewasikiliza wote wawili. Pahala pamoja tu walipogongana ni tende: bibi anataka kumsugulia mjukuu kaakaani kama ilivyo sunna, muuguzi kasema maziwa ya mama matupu mpaka miezi sita. Mazungumzo yanaendelea, na mimi nimejifanya nimelala.

Binti yangu ndiye aliyeipata Idi hasa. Gauni la malinda, viatu vinavyowaka taa, mkoba wa kutilia mkono wa Idi. Alikuja kumtazama mdogo wake akiwa na uso wa hakimu. Akauliza, "Na yeye alifunga?" Bibi yake akamjibu kuwa alifunga kidogo, akalilia ziwa kabla ya adhana. "Basi funga yake imebatilika," akasema, akatoka zake. Baadaye nikamkuta kamchomekea sarafu ndani ya kanga. Usiku lakini alirudi na mto wake, akataka kulala upande ule ule aliolala miaka yote, na upande ule sasa una mtu. Kitanda chetu si kikubwa. Tulibanana.

Kalenda yetu inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Huyu kazaliwa masika yanaanza kugonga mabati, na akifika miaka kumi na mbili mwezi 29 Ramadhani utamwangukia Novemba, mvua za vuli. Nami Inshaallah nitakuwa nimelipa funga zangu zote kabla ya hapo, ingawa walionizoea wanacheka wakisikia.

Kuna mashoga zetu wawili watatu ambao Idi hii wako kitandani na mikono mitupu, mimba imekwenda na mtoto hakubaki. Siwataji. Wanajijua, na nimewaombea kwa majina yao. Na walioaga dunia kwa uzazi, tunaamini wana daraja ya mashahidi. Allah awalee yatima wao.

Akika, chinjo la mtoto, ni siku ya saba, mbuzi wawili kwa kuwa ni mwanamume, na bei za mbuzi mnazijua, kwa hiyo dua zenu zinahitajika kwa baba yake kuliko kwangu. Jina litasomwa siku hiyo hiyo. Wanaotaka kuja kutuona waje sikukuu ya pili au ya tatu, baada ya alasiri, wanawe mikono, wasimbusu mtoto usoni, na mwenye mafua anitumie salamu kwa simu. Nguo za mtoto anazo za kutosha. Mkipita Maisara, kwenye viwanja vya sikukuu, mleteeni dada yake puto.