YAH: MALALAMIKO KUHUSU MBIO ZA NORISRING 2021 MLIZOZIKATA

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nililipia kifurushi chenu cha kumbukumbu za DTM, mashindano ya mbio za magari ya Ujerumani, kwa sababu tangazo lenu liliahidi misimu mizima bila kukatwa. Mbio za Monza nimezikuta kamili, za Assen pia. Lakini mbio zilizoamua ubingwa wa 2021, zile za Jumapili ya Oktoba 10 pale Norisring mjini Nuremberg, mmezigeuza kipande cha dakika chache: magari yanaondoka, linaingia tangazo la biashara, kisha Maximilian Götz anashangilia ubingwa. Mtangazaji wenu anasema ameshinda "kwa utulivu".

Utulivu gani huo? Kabla ya mbio zile, msimamo ulikuwa ukiongozwa na Liam Lawson, kijana wa miaka 19 kutoka New Zealand, dereva wa Ferrari. Kona ya kwanza tu, Kelvin van der Linde wa Audi, naye akiuwania ubingwa, akamgonga. Gari la Lawson likaharibika na matumaini yake yakaishia pale, ingawa aliendelea kujikongoja. Van der Linde naye hakuupata.

Halafu kuna sehemu ambayo mmeifuta kabisa. Mwishoni Götz alikuwa nyuma ya Lucas Auer na Philip Ellis. Wale wawili walikuwa wa timu ya Winward, yeye wa HRT, lakini wote watatu waliendesha Mercedes. Agizo likatoka, wakampisha mmoja baada ya mwingine, akashinda mbio na kutwaa ubingwa kwa tofauti ya pointi 3.

Simwiti Götz mwizi. Maagizo ya aina ile hayakuwa yamekatazwa wakati huo; yalipigwa marufuku msimu uliofuata, baada ya kelele zote zile. Binafsi kona ya kwanza inaniudhi kuliko hata huko kupishana. Ila mtu aliyenunua kifurushi hiki leo hawezi kukubaliana nami wala kunipinga, kwa kuwa hakuna alichoonyeshwa.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba mlikata ili kupunguza muda. Mbona mahojiano na wadhamini mmeyaacha yote?

Nikaenda kukagua na msimu wa 2015. Kule Spielberg, Austria, dereva wa Audi Timo Scheider aliwagonga Robert Wickens na Pascal Wehrlein baada ya bosi wake, Wolfgang Ullrich, kusikika redioni akimwambia amsukume mpinzani nje. Audi ilitozwa faini ya euro 200,000. Kwenye video yenu magari yanagongana, ila sauti ya redio haipo. Hapo napo mlikuwa mnapunguza muda?

Naomba mbio hizo mbili ziwekwe kamili, pamoja na sauti za redio za timu. Mkishindwa, nirudishieni fedha zangu zote kwa njia ileile niliyolipia. Salio la kununulia kifurushi kingine silitaki. Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na baada ya hapo nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Nimeambatanisha risiti ya malipo na picha ya tangazo lenu.

Mteja wenu,
Dar es Salaam