Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Nawasalimu kila mmoja kwa salamu ya imani yake. Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nitazungumzia yale tuliyoyaona na kuyatenda hapa Valais, kantoni yetu ya milimani nchini Uswisi, pamoja na jambo moja linaloniuma.

Tuliokuwa Lötschental usiku wa tarehe 27 Februari hatutausahau. Kila mwaka, Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima, watu wa bonde lile huvaa ngozi za mbuzi na kondoo, hujifunga kengele za ng'ombe kiunoni, huficha nyuso kwa vinyago vya kutisha vilivyochongwa kwa msonobari, kisha hushuka bondeni, mwaka huu kutoka kijiji cha Blatten hadi Ferden, wakimkimbiza yeyote aliye njiani. Huitwa Tschäggättä. Zamani walikuwa makapera peke yao, siku hizi hata wengine huvaa. Watoto wetu walipakwa theluji usoni, wakalia, kisha wakaomba wapakwe tena.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 28 Mei, mto wa barafu uitwao Birch uliporomoka pamoja na mawe ya mlima ukaifukia karibu Blatten yote. Wakazi wapatao 300 walikuwa wamehamishwa siku chache kabla, ndiyo maana wengi sana walinusurika. Mtu mmoja alifariki. Nilitazama picha nikitafuta mahali tuliposimama jioni ile, sikupaona. Mchango wetu ulikuwa mdogo, lakini ulitoka siku ileile bila mtu kusukumwa, na kwa hilo nawashukuru kwa moyo wote.

Sasa lile linaloniuma. Mwezi wa Aprili tulialikwa kusaidia kusafisha mfereji wa maji. Tangazo lilitolewa mara tatu. Tulifika watu sita.

Nieleze kwa nini mfereji huo ni jambo kubwa kuliko unavyodhaniwa. Milima inaikinga Valais na mvua, kwa hiyo bonde la Rhône ni kavu. Wazee wa hapa walichimba mifereji kuchukua maji ya barafu inayoyeyuka, na walipokuta jabali wakatundika mifereji ya mbao juu ya genge. Wasemao Kifaransa huuita bisse, wasemao Kijerumani huuita Suone. Ule wa Ayent ni wa mwaka 1442. Toa noti ya faranga 100 utauona umechorwa. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamani haki ya kila nyumba ilikatwa alama kwenye kijiti cha mbao. Desemba 2023 UNESCO iliutambua ujuzi huu wa umwagiliaji kuwa urithi wa binadamu, pamoja na wa nchi nyingine za Ulaya.

Mimi ni mzaliwa wa Uchagani, sikuhitaji kuelezwa mara mbili. Ni mfongo uleule, mfereji wetu wa Kichaga. Kwetu pia maji yalitoka mlimani, zamu ilipangwa na wazee, na asiyetokea siku ya kusafisha alijua atatozwa faini. Nilipoinama kutoa majani na mawe, mzee mmoja wa hapa aliniuliza nimejifunzia wapi kushika jembe namna ile. Tukazungumza mpaka saa ya chakula. Miaka kumi na moja nimeishi katika kantoni hii, na hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote niliyopata kuwa nayo na jirani.

Linganisheni na Septemba. Siku ya raclette, baada ya ng'ombe kushushwa kutoka malisho ya juu, viti havikutosha. Sikatai, chakula kile kina utamu wake. Jibini la kama kilo 5, la maziwa mabichi, hukatwa katikati na upande uliokatwa huelekezwa motoni. Ukianza kuyeyuka, mpishi huukwangua ukaangukia sahani yako, juu ya viazi vilivyochemshwa na maganda, kando kuna matango madogo na vitunguu vya siki. Jina lenyewe limetokana na neno la Kifaransa la kukwangua. Unapewa kidogo, unakula kikiwa moto, unarudi kwenye foleni, na humo ndimo watu hufahamiana. Wasiokunywa divai walipata chai ya moto, ambayo hata wenyeji huinywa na jibini hilo.

Lakini jibini lile lina watu nyuma yake walioamka alfajiri kiangazi chote kukamua, na nyasi zile zilinyweshwa na mifereji ileile. Nawaomba tuwe watu wa siku zote mbili.

Mengine kwa kifupi. Mwezi Mei baadhi yetu tulikwenda Aproz kuona fainali ya ng'ombe wa Hérens, majike weusi wanaopambana kwa pembe kumpata malkia; anayegeuka na kuondoka ameshindwa, na hakuna anayemlazimisha. Wenzetu kutoka Kakamega, ambako mafahali hupiganishwa, walitoa maoni ya kitaalamu. Oktoba tulipanda Mund kutazama uchumaji wa zafarani, ambapo gramu moja huhitaji maua yapatayo 150. Akina mama wa Mombasa na Unguja waliinunua kwa ajili ya biriani, na bei yake hawakuilalamikia.

Mwaliko wa mfereji umekuja tena, Jumamosi ya pili ya Aprili. Tutaondoka kituo cha treni cha Sion saa mbili asubuhi. Njooni na buti na glavu, majembe yapo.

Mwenyekiti