Kuhusu hiyo breki yako ngumu

Mambo vipi swahiba,

Ujumbe wako nimeupata na kusema kweli umenitia wasiwasi, manake unasema pedo ya breki imekuwa ngumu kama unakanyaga jiwe na bado unatembelea gari hivo hivo. Naomba uipaki kwanza. Breki zenyewe zinashika bado, sawa, ila ule msaada wa kukanyaga umeondoka, kwa hiyo siku mtu akikukatiza ghafla mguu wako peke yake hautaisimamisha gari pale unapotaka.

Alafu hiyo ya fundi kukwambia ununue masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga, bila hata kufungua boneti mi siikubali kabisa. Masta silinda ikichoka kawaida pedo inakuwa laini, inazama taratibu hadi chini. Ikiwa ngumu cha kwanza kuangalia ni busta, wengine wanaita haidrovaki, lile duara kubwa jeusi nyuma ya masta silinda. Ndani kuna diaframu ya mpira inayoigawa vyumba viwili. Injini ya petroli ikiwaka inavuta hewa iliyomo humo kupitia paipu moja nene, sasa ukikanyaga breki hewa ya nje inaachiwa iingie chumba cha nyuma tu, inaisukuma diaframu mbele, na hiyo ndo nguvu inayoongezeka kwenye mguu wako. Mvuto ukikosekana unasukuma mwenyewe.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela yoyote kaa kwenye siti ya dereva, gari ikiwa sehemu tambarare na hendibreki imevutwa. Injini ikiwa imezimwa kanyaga breki mara tano sita mpaka pedo iwe ngumu, usitoe mguu, bonyeza hivo hivo uwashe injini. Pedo inatakiwa ishuke kidogo chini ya mguu wako yenyewe, utaisikia. Isiposhuka basi busta haipati mvuto au yenyewe imekufa. Ikishuka, iache injini iungurume dakika moja mbili, zima, subiri kidogo alafu kanyaga taratibu. Ile ya kwanza lazima iwe laini, zinazofuata ndo zinakuwa ngumu kidogo kidogo. Ikiwa ngumu kuanzia ya kwanza ujue mvuto unavuja, haukai.

Na wakati injini inawaka zima redio usikilize miguuni. Ukisikia hewa inapiga shiii mfululizo muda wote umeshikilia pedo, na injini inaanza kutetemeka au mlio wake unabadilika, hapo diaframu ndo imetoboka karibu kabisa, utabadilisha busta.

Ila mimi ningeanza na ile paipu, na hapa naomba uwe mvumilivu. Ukiitazama kwa juu utaona nzima, sasa pitisha kidole upande wa chini pale inapokunja na pale klipu inapobana, joto la injini linakausha mpira unapasuka nyufa nyembamba ambazo hazionekani mpaka uikunje kwa mkono. Ya kwangu ndo ilikuwa hivo, juu safi kabisa, chini imechanika kwenye kona, nikabadilisha paipu tu na pedo ikarudi kawaida. Ukinunua nyingine sema unataka ya busta, usikubali ya maji wala ya mafuta hata kama inaingia, mvuto unaweza kuifanya ijibane kwa ndani ukarudi pale pale.

Kwenye hiyo paipu kuna valvu ndogo ya kupitisha hewa upande mmoja, nyingi ziko pale inapoingilia busta. Ichomoe upulize: kutoka upande wa busta hewa ipite, kutoka upande wa injini isipite. Ikipita kote ni mbovu, na ni kitu kidogo tu. Hapo hapo angalia kama ndani ya busta kuna mafuta ya breki, ukiyakuta basi sili (raba ya kuzuia mafuta) ya nyuma ya masta silinda inavujisha na hapo sasa fundi atakuwa na haki ya kuitaja. Mtu akikufungia busta mpya mwambie apime ule mti unaosukuma masta silinda, ukiwa mrefu kupita kiasi breki hazitaachia.

Kama gari yako ni dizeli ujue mvuto mara nyingi unatoka kwenye pampu yake maalum, baadhi ya injini imefungwa nyuma ya alteneta, so icheki na yenyewe.

Busta ikifaulu yote hayo ndo ushuke kwenye matairi. Inua gari kwa jeki, weka stendi, zungusha kila tairi kwa mkono baada ya kukanyaga na kuachia breki. Linalokataa kuzunguka, kalipa yake (kile kinachobana breki kwenye tairi) pistoni imeganda au pini zimekauka grisi. Na ukikuta raba zimevimba fikiria kama kuna mtu aliwahi kuongeza oili ya injini au ya stelingi kwenye chupa ya breki, manake inaharibu sili zote. Yanatakiwa mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, kama ilivyoandikwa kwenye mfuniko.

Fanya lile la kwanza leo ukipata nafasi uniandikie tu kama pedo imeshuka au imegoma, na ni petroli au dizeli, ili nijue tunaanzia wapi.

Wako, swahiba