Mkifupisha visa vyetu vya nyumbani, msikate pale penye sababu

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Bombo, Uganda. Mnivumilie, barua hii naiandikia dukani, mteja akija naacha akienda naendelea, kwa hiyo mkiona mahali sentensi imeruka jueni hapo kuna mtu alikuwa anatoa pesa kwa simu na namba ya siri ameisahau.

Nimesoma barua ya yule msomaji wenu aliyesema sisi wanawake tunaoandika vichekesho vya nyumbani tunaanika siri za ndani barabarani, na kwamba mtu wa dini achague moja, swala au kuchekesha watu. Mi sijakasirika, tena kuna maneno yake nakubaliana nayo kabisa nitayafikia. Ila vile alivyoliweka ni kama mtu akishaolewa na akishajua kibla kiko wapi basi kalamu aifungie kabatini mpaka watoto wamalize chuo. Sasa hao watoto wakimaliza si wataleta wajukuu?

Namkumbusha tu Mwana Kupona binti Mshamu wa kule Pate. Mnamo 1858 yule mama ni mjane, mgonjwa, maradhi yamemshika muda mrefu, na ana binti wa kumwachia wasia. Hakusema angoje apone au angoje nyumba itulie, alimwita binti asogee karibu na wino na karatasi akaanza kutunga. Na ndani ya utenzi ule kila kitu kimo, Mwenyezi Mungu yumo, mume yumo, usafi wa nyumba umo, adabu mbele za watu imo. Kuna pale anamwambia binti mume amtunze kama mtoto mdogo asiyejua kusema, wasomi watasema ni unyenyekevu lakini mi nikifika hapo nacheka kila mara, na nina hakika wanawake wengi walioolewa wakifika hapo wanacheka. Kwa hiyo huyo mwenzetu asituambie kwamba dini, ndoa na kalamu ni vitu havikai pamoja, katika lugha yetu vimekaa pamoja zamani sana.

Kuhusu muda sitasema mengi. Muda hakuna, haujawahi kuwepo. Naandika baada ya alfajiri kabla ya uji kuchemka, na mchana naandika nyuma ya kile kitabu cha mobail mani, mnakijua, kile chenye mistari ya tarehe, jina, kiasi na sahihi. Mbele watu wanasaini, nyuma mi naandika visa. Siku moja mteja mmoja amesimama anangoja meseji iingie, macho yake yako kwenye kitabu, anasoma juu chini, meseji ikaingia hakuondoka. Ananiuliza, "Sasa nyabo, huyo shemeji wako aliipata mbuzi au hakuipata?" Nikamwambia arudi kesho, bado sijaandika. Na alirudi kweli, na hakuwa na pesa ya kutoa wala ya kuweka.

Kuna na jambo la Kiswahili chenyewe. Sisi Bombo, mji wa kambi ya jeshi na wa Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudan, hatukungoja Baraza la Mawaziri la 2022 litwambie Kiswahili kifundishwe shuleni, tumekizungumza tangu babu zetu. Lakini ukitoka hapa ukaingia ndani ndani huko Luweero, wapo wazee mpaka leo wakisikia Kiswahili mkono unaenda mfukoni kutafuta kitambulisho, maana Kiswahili walichokijua wao kilikuwa cha vizuizi vya barabarani na cha mtu mwenye bunduki. Rais Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa 1973, hiyo haikukisaidia, ilikiongezea sifa mbaya. Nina jirani mmoja mzee, bambi maskini, amehamia hapa kukaa na mwanawe, usiku mmoja nilikuwa najisomea kisa changu kwa sauti nione kama kinachekesha, nilipofika kwenye maneno "toka nje haraka" mzee akazima taa. Kesho yake nilimpelekea chai na kumsomea kile kisa chote, mwanawe anamfasiria kwa Kiganda, akacheka hadi akakohoa. Nikimfikiria yule mzee naona kuandika kichekesho kwa Kiswahili katika nchi hii ni kazi na wala sio mchezo kama wengine wanavyodhani.

Haya sasa dini, ndipo mwenzangu ana nusu ya haki. Dini haijakataza kucheka. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitania na maswahaba, na walipomuuliza akasema hasemi ila kweli. Kuna yule ajuza aliyeambiwa wazee hawaingii peponi akaondoka analia, kisha akajulishwa ataingia akiwa kijana. Huo ni utani, na ndani yake hakuna neno la uongo. Lakini ipo na hadithi nyingine ambayo kila nikishika kalamu inanikaa kichwani, ile ya ole wake anayesema uongo ili watu wacheke, na hiyo ole inarudiwa. Anayeandika vichekesho anajua shida iko hapo hapo, maana kisa cha nyumbani ukikiandika kama kilivyotokea mara nyingi kinachekesha nusu tu, mkono unawasha, unatamani kuongeza mbuzi. Kama ni hadithi ya kutunga sawa, ongeza mbuzi hata kundi, msomaji anajua ni hadithi, hakuna aliyedanganywa. Ila ukisema "mume wangu" au "bibi yetu" basi mbuzi awe alikuwepo.

Halafu kuna Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, nadhani kila anayeandika kuhusu watu angeibandika mezani. Watu wasidharau wenzao, wasiitane majina ya kejeli, wasisengenyane. Kwa hiyo mi nimejiwekea utaratibu, kisa hakitoki nyumbani kabla aliyemo hajasomewa. Akicheka kinaenda, asipocheka kinabaki nyuma ya kitabu.

Msomaji wangu mkali kuliko wote ni haboba, bibi yake baba watoto. Ramadhani moja kijana wetu alimwekea simu ya adhana, kumbe amechagua saa za Makka, basi jioni sote tuko mkekani, tende ziko kwenye sahani, simu ikaadhini na watoto mikono ikaruka. Haboba akawazuia kwa fimbo, akageuka kutazama dirishani, jua bado liko juu ya mwembe, akaiangalia ile simu akauliza, "Na hii imesilimu lini hata ituongoze?" Nilipomsomea nilivyoandika akanikatiza. "Binti yangu, umeandika niliwapiga. Sikupiga, niliinua fimbo tu." Nikafuta, nikaandika aliinua fimbo. Na alikuwa na haki, tena kisa kimekuwa kizuri zaidi fimbo ikiwa juu haijashuka.

Watoto nao, wadogo nawaandika kidogo. Huyu wangu wa sekondari simwandiki kabisa siku hizi. Hata akisema "sawa mama", anamwambia mama yake sawa, hiyo sio ruhusa, mtoto ataanzaje kumkatalia mama. Hapo wenzangu wengi wanaoandika hawakubaliani na mimi, wanasema watoto ndio wenye vichekesho bora. Ni kweli, lakini ni vyao, wakikua wataviandika wenyewe.

Sasa nije kwa kilichonifanya niandike hasa, maana yule msomaji anatulaumu sisi tu na nyinyi wahariri amewaacha mmekaa kivulini.

Ramadhani hiyo hiyo baba watoto alikwenda tarawehe, imamu siku hiyo kisomo chake kirefu kweli, wakaenda kwenye sijda yeye akasinzia palepale paji la uso liko chini. Wenzake wakainuka, wakasoma, wakarukuu, wakasujudu tena, yeye yupo tu. Aliamka kwenye salamu akatoa salamu na wengine vizuri kabisa kama mtu aliyekuwepo. Alivyonisimulia nilicheka mpaka nikaegemea mlango, nikamwomba, baba fulani, hii niiandike? Akafikiri. Akasema andika, lakini uweke kwamba nilipakia mahindi kwenye lori tangu asubuhi na saumu yangu mdomoni. Nikaweka, sentensi nzima, magunia, jua, lori na kila kitu. Nikamsomea akasema sasa hapo sawa, hiyo ni mimi.

Nikakituma kwa gazeti moja, sio lenu. Wakakichapa haraka nikafurahi, nikanunua nakala mbili. Kufungua, kichwa cha habari sio changu, kimeandikwa kama vile mume wangu ni mvivu wa ibada, na ile sentensi ya mahindi haipo. Nikapiga simu, kijana mmoja akaniambia kwa upole tu nafasi haikutosha, "lakini ucheshi wote tumeuacha mama". Ni kweli waliuacha. Kila neno lililobaki pale lilitokea, hakuna uongo wa kuuonyesha kidole, mahindi tu ndio hayapo.

Msikitini wakaanza kumwita Shehe Sijda. Wiki ya kwanza alicheka nao, ni mtu mpole. Kisha nikaona ameanza kwenda msikiti wa mbali, anasema huko kuna upepo. Kisha kijana wetu mdogo akarudi madrasa analia, ameitwa mtoto wa Shehe Sijda. Lile jina la kejeli ambalo aya ya 11 inalikataza halikutoka kinywani mwangu wala halikuwa kwenye karatasi yangu, lilizaliwa pale sentensi moja ilipotolewa na mtu ambaye hajawahi kumwona baba watoto wala kunyanyua gunia la mahindi.

Kwa hiyo Ndugu Mhariri, ombi langu ndilo hili, na nawaandikia nyinyi kwa sababu hapo nyuma mmechapa visa vya wenzangu bila kuwaharibia. Nafasi ikiwa ndogo kateni salamu zangu, kateni nilivyosifia Bombo, hata kichekesho chenyewe kikateni. Sababu iacheni, yaani ile sehemu inayomweleza mtu ni nani na kwa nini alifanya alichofanya, bila hiyo huyo sio tena mtu wa nyumbani kwangu, ni kibonzo. Na kama hata hiyo haitoshi basi msikichape, nirudishieni, nyuma ya kitabu bado kuna kurasa. Kichwa cha habari nacho mkitaka kukibadilisha nipigieni, simu yangu ni ya biashara haizimwi. Huyu anayesemwa anaishi mtaani na watu wanaosoma gazeti, sio kama mwanasiasa aliyezoea.

Na kwa msomaji mwenzangu, ukipita barabara hii ya Gulu shuka Bombo uje dukani, nitakusomea vile visa vilivyokataliwa na wenye navyo, viko vingi kuliko vilivyotoka. Hapana, nimekumbuka, hivyo ndivyo siwezi kukusomea. Nitakupa soda.

Pamoja na barua hii nimeambatanisha kile kisa cha haboba na simu, kirefu chake. Ameshasomewa mara mbili amekubali. Ameniambia niwaeleze kwamba mkikosa nafasi mkate jina la mwandishi, ile fimbo mwiache juu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwenye duka, Bombo